Kizuri Hakijiuzi

Tangu darasa la kwanza la sekondari tumefundishwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nimeiandika katika insha nyingi, na kila mara mwalimu akanipa alama zake. Leo naomba ruhusa niipinge. Wahenga walikuwa na hekima kubwa, lakini hawakuwahi kuuza Subaru yenye turbo mjini Jinja.

Katika soko la magari yaliyotumika la miji yetu miwili, Jinja na Mbale, kinachojiuza haraka ni kibaya. Kimeoshwa, kimepigwa rangi, mita yake ya kilomita imerudishwa nyuma, na dalali amesimama kando yake akikisifia. Kizuri hukaa uani miezi mitatu, na mwenyewe huulizwa maswali kama mshukiwa kituoni: "Injini uliigusa kwa nini? Ulikuwa unashindana na nani? Hili bomba linalonguruma ni la nini?" Akijibu kwa ukweli, mteja anaondoka. Akidanganya, mteja anatoa pesa.

Mimi nasema desturi hii inatuharibia. Nashikilia mambo matatu. Kwanza, gari lililofanyiwa mabadiliko na kutunzwa vizuri si gari bovu. Pili, mwenye gari kama hilo aliuze mwenyewe na aseme kila kitu, ubovu ukiwemo. Tatu, anayeuza gari lolote na kuacha logibuku katika jina lake anawakosea watu ambao hata hawajui. Nitaeleza kwa kisa cha nyumbani kwetu, kwa sababu sikuyajifunza haya vitabuni.

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa umeme mjini Jinja. Mwaka 2012 alinunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, iliyotoka Japani kupitia bandari ya Mombasa na kuingia nchini kwa Malaba. Majirani zetu wa Walukuba walilichukia gari lile tangu siku ya kwanza. Walisema ni gari la wahuni. Mama naye aliona aibu likimleta kanisani.

Lakini mapenzi ya Subaru katika sehemu hizi hayakuanza na wahuni. Yalianza na rali. Mwaka 1995 Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia akiendesha Impreza. Mwaka 1999 Mganda mwenzetu, Charles Muhangi, akawa bingwa wa Afrika. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda Safari Rally huko Kenya, naye pia akiwa na Impreza. Watoto waliokuwa wakisimama kando ya barabara za vumbi wakisubiri magari yapite ndio watu wazima wa leo. Wengine ni walimu, wengine wauguzi, na mmoja ni kaka yangu. Mtu akipenda gari kwa namna hiyo hulitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe.

Sasa tuitazame hoja ya kwanza. Watu wengi huamini kwamba gari ambalo halijaguswa, lile lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, ndilo salama. Kwa magari mengi ni kweli. Kwa gari la turbo kutoka Japani si lazima iwe kweli. Petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani mara nyingi ni ya okteni 100, na magari haya yalipangiwa petroli ya aina hiyo. Petroli ya vituo vyetu vingi haifiki huko. Ukilitia petroli hafifu gari la turbo na kulikanyaga, mchanganyiko wa hewa na mafuta huwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Pistoni hupata kipigo, kingo zinazoshika ringi hupasuka, na injini hufa huku nje gari likimeremeta. Kwa hiyo kaka alipolipeleka kwa fundi wa kompyuta za magari, ili apange upya muda wa kuwasha moto na kiasi cha mafuta kulingana na petroli tunayoipata hapa, alikuwa anaiokoa injini. Tena nguvu ilipungua kidogo. Hayo nayo ni mabadiliko, lakini nani mtaani anayejua?

Breki kubwa alizofunga mbele zilikuwa za kulisimamisha gari. Shokapu na springi ngumu zilikuwa za kulishika barabarani. Bomba la moshi pana, hilo nakubali lilikuwa la raha yake. Mtu anayesema "limeguswa, basi limeharibika" hajauliza limeguswa nini, na nani, na kwa nini.

Na majibu ya maswali hayo yalikuwepo, yote, katika daftari. Wahenga haohao ninaowapinga walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo nawapigia saluti. Kaka alikuwa na kaunta buku nene ambalo karani wa benki angeweza kulionea wivu. Oili ya injini ilibadilishwa kila baada ya kilomita 5,000, tarehe imeandikwa, risiti imebandikwa kwa gundi. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa wiki ileile aliponunua gari, mita ikisoma 98,000, kwa sababu hakutaka kumwamini mtu asiyemjua kuhusu kitu ambacho kikikatika, vali hugongana na pistoni na injini nzima huenda kwa chuma chakavu. Klachi iliandikwa. Plagi ziliandikwa. Hata siku aliyogonga jiwe karibu na Kamonkoli na kukunja rimu, aliandika.

Mwaka jana ada yangu ya chuo ilikwama. Nilikuwa nimekaa nyumbani muhula mzima. Jioni moja kaka akaniita uani, akaweka mkono juu ya boneti, akasema: "Mdogo wangu, huyu amenibeba miaka mingi. Sasa atakubeba wewe." Sikuweza kumjibu.

Dalali wa kwanza alifika siku iliyofuata, bila kuitwa. Madalali wana pua kali. Alilizunguka gari mara mbili, akacheka, akatoa mpango wake. Ondoa lile bomba, rudisha la kawaida. Breki kubwa uza kando. Mita inayosoma 187,000 irudishwe hadi 92,000, fundi yupo, kazi ya nusu saa. Daftari choma. Halafu, alisema, "Wewe nipe kwa milioni 18, mengine niachie mimi." Mengine maana yake ni kwamba angeliuza kwa milioni 24 na tofauti aitie mfukoni, bila mnunuzi kumjua kaka wala kaka kumjua mnunuzi.

Ndugu msomaji, utazame vizuri mpango huu. Kila kilichoonyesha kwamba gari limetunzwa kilitakiwa kufa ili gari liuzike. Mkanda wa taimingi uliobadilishwa tena kwenye kilomita 181,000 ungepotea katika hesabu, kwa sababu gari la kilomita 92,000 haliwezi kuwa na risiti ya 181,000. Mnunuzi angepewa gari lenye umri wa uongo, naye angelihudumia kwa uongo huo. Huo si ujanja wa biashara. Ni wizi unaotumia mita badala ya panga.

Nasi tunaufuga wizi huu wenyewe. Tangu mwaka 2018 sheria yetu inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Maana yake ni kwamba Impreza za kizazi kile haziji tena. Zilizopo ndizo hizohizo, zinazunguka kutoka mkono hadi mkono, kutoka Jinja hadi Mbale, kutoka Mbale hadi Soroti. Kila mkono unaolidanganya gari unamdanganya mtu wa sita na wa saba ambaye bado hajafikiria kununua. Katika soko ambalo mali haiongezeki, historia ya gari ni sehemu ya gari. Kuifuta ni sawa na kung'oa boneti na kuuza kando.

Kaka alimfukuza dalali kwa heshima. Akaandika tangazo lake mwenyewe. Nililisoma nikadhani amerukwa na akili. Alieleza mabadiliko yote, moja baada ya jingine. Akataja kilomita halisi. Kisha akaandika chini: injini inakula oili karibu nusu lita kila kilomita 1,500; gia ya pili inakwaruza asubuhi injini ikiwa baridi; mlango wa kushoto nyuma umepigwa rangi upya; bomba linapiga kelele, na askari wa barabarani anaweza kukusimamisha kwa ajili hiyo; bomba la kiwandani lipo stoo, utapewa bure. Bei, milioni 24.

Wiki tano hakuna aliyekuja wa maana. Walikuja vijana wa kupiga picha. Walikuja wawili waliotaka kulijaribu peke yao bila leseni. Mjomba akaja kutukemea: "Nani anauza ng'ombe huku akitangaza kwamba anapiga teke?" Nami, nakiri hapa, nilianza kumwonea huruma yule dalali niliyemdharau. Muhula wa pili ulikuwa unakaribia.

Kisha akapiga simu daktari wa mifugo kutoka Mbale. Kaka ni Msoga, yeye ni Mgisu. Kila mmoja alijaribu lugha yake, wakaishia katika Kiswahili, lugha ambayo bei zote za barabara ya Malaba zinaielewa. Alikuwa na ombi moja tu: "Nitafika saa kumi na mbili asubuhi. Tafadhali usiliwashe kabla sijafika." Kaka akatabasamu. Akaniambia: "Huyu anajua."

Na kweli alijua. Alifika na fundi wake kutoka gereji ya Namakwekwe. Kabla ya salamu kumalizika alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha injini ni baridi, maana injini ya moto huficha siri zake. Likawashwa, wakasikiliza. Fundi akafungua plagi zote nne, akapima kompresheni ya kila silinda, akaandika. Wakaliinamia chini kutafuta oili inayovuja. Wakasoma daftari ukurasa kwa ukurasa kwa muda wa saa nzima, wakilinganisha risiti na tarehe. Fundi alipofika kwenye gia ya pili, ikakwaruza kama ilivyoandikwa. Wakatazamana. Nilidhani tumeliwa. Daktari akasema: "Sasa nayaamini na yale mengine."

Maneno hayo ndiyo moyo wa insha hii. Ubovu uliotajwa na ukakutwa ulikuwa ushahidi wa uzima ambao haukuweza kuonekana. Kwa kuungama nusu lita ya oili, kaka aliuza uaminifu wa injini nzima. Walilipeleka Mbale siku ileile, kaka akiwa ndani, kupitia Iganga, Namutumba na Tirinyi, hadi kwenye mlima wa Wanale, wakalipandisha kona zile kali na kulishusha. Breki hazikulia. Waliafikiana milioni 22 na nusu. Dalali aliahidi 18.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa hapo ni patamu. Lakini hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na inahusu gari jingine.

Kabla ya Subaru kaka alikuwa na Toyota Corona. Aliiuza kama wengi wanavyouza. Waliandikiana agrimenti, mwenyekiti wa LC1 akagonga muhuri, picha ndogo zikabandikwa, pesa zikahesabiwa. Kaka akatia saini fomu za kuhamisha umiliki bila tarehe na bila jina la mnunuzi, akamkabidhi pamoja na logibuku. "Nitahamisha nikipata nafasi," mnunuzi alisema. Miezi minane baadaye askari wakaja nyumbani usiku. Corona ilikuwa imemgonga kijana wa bodaboda karibu na Iganga na kukimbia. Kijana alipoteza mguu. Shahidi alishika namba ya gari, na namba ilikuwa na jina la kaka.

Kaka alilala ndani siku mbili. Agrimenti ikamtoa. Lakini mnunuzi alipotafutwa, alionyesha agrimenti yake ya kumuuzia mwingine, na huyo mwingine alikuwa ameuza kwa mtu ambaye simu yake haikupatikana tena. Fomu zilikuwa zilezile, zenye saini ya kaka na nafasi tupu. Dereva hakupatikana hadi leo. Nasi tulifurahi kwamba kaka yuko huru, tukapika na kuku. Ilichukua miaka kabla sijajiuliza: yule kijana alimdai nani mguu wake?

Hiyo ndiyo maana nasema kwamba kuuza gari bila kuhamisha logibuku si uzembe mdogo wa makaratasi. Unaachia barabarani tani nzima ya chuma isiyo na mwenyewe. Na gari lenye nguvu za farasi 250 lisilo na mwenyewe ni hatari kuliko Corona. Wale wanaouza Subaru za namna hii kwa fomu tupu wanajua vizuri watakaozinunua ni vijana wa umri gani.

Aliyedhani haya hayamhusu, serikali imeanza kumwamsha. Namba mpya za kidijitali zilianza kuwekwa kwenye magari ya serikali mwaka 2023, zikifuatiwa na ya raia. Juni 2025 ukaanzishwa mfumo wa faini za kamera, zinazomfuata yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye gari. Malalamiko yakawa mengi na mfumo ukasimamishwa mwezi huohuo. Walalamikaji wengi walikuwa na haki kuhusu ukubwa wa faini. Lakini miongoni mwao walikuwepo waliolia kwa sababu nyingine: walikuwa wanadaiwa kwa magari waliyokwisha kuyauza. Kwa hao sina machozi. Waliuza gari wakabakiza jina.

Kwa hiyo safari hii kaka aligoma. Kabla ya kwenda mbali alimtaka daktari aangalie mwenyewe katika sajili ya rehani za mali zinazohamishika, ile inayosimamiwa na URSB chini ya sheria ya mwaka 2019, athibitishe kwamba gari halikuwekwa dhamana kwa mkopeshaji. Pesa zilipokelewa ndani ya benki. Na ufunguo wa pili ulibaki mfukoni mwa kaka mpaka maombi ya kuhamisha umiliki yalipowasilishwa, wote wawili wakiwepo. Daktari hakukasirika. Alisema ni mara ya kwanza kuona muuzaji anayemlazimisha mnunuzi kuwa mwenye mali.

Najua majibu yanayonisubiri. Mtaniambia kwamba gharama za kuhamisha ni kubwa na foleni ni ndefu. Ni kweli ni mzigo. Basi mzigo huo uingizwe katika bei, mpatane nani alipe, kama mnavyopatana kuhusu tairi ya akiba. Asiye na pesa ya kuhamisha gari hana pesa ya gari.

Mtaniambia kwamba dalali naye ni mtu, ana watoto. Sipingi dalali anayemleta muuzaji mbele ya mnunuzi na kulipwa ujira ulio wazi. Kazi hiyo ni halali tangu zamani, na neno lenyewe ni la Kiswahili safi. Nampinga anayesimama katikati ili hao wawili wasionane.

Mtaniambia pia kwamba kaka alikuwa na bahati, kwamba daktari mmoja kama yule hupatikana mara moja katika miaka kumi. Hili ndilo gumu, na sitalikwepa. Wiki tano zile zilikuwa ndefu. Kama ada ingehitajika wiki ya pili, huenda kaka angemwita dalali. Ukweli unahitaji muda, na maskini hana muda. Lakini kwa nini wanaojua ni wachache? Kwa sababu kila anayedanganywa hujifunza kutoamini neno lolote, akaona afadhali aangalie rangi tu. Wauzaji wakweli wakiwa kumi, wanunuzi watajifunza kuuliza daftari. Wakiuliza daftari, asiye nalo atakosa wateja. Lazima mtu aanze, na anayeanza hupata hasara ya kuanza.

Kwa hiyo, wewe wa Jinja au Mbale unayetaka kuuza gari ulilolipenda, usilivue ulichokivalisha. Andika ulichofanya na aliyekifanya. Taja kinachokwaruza kabla hakijakwaruza. Mnunuzi akija, mpe injini baridi na daftari wazi. Na siku ya kuagana, peleka jina lako nyumbani pamoja na pesa.

Insha hii naiandikia Mbale, ninakosoma kwa ada iliyotoka kwenye gari lile. Mara mojamoja nalisikia likipita kuelekea barabara ya Kumi, kwa maana bomba la kiwandani daktari alilikataa. Wenzangu darasani huguna kwa kelele zake. Mimi huinua kichwa, kisha nikaendelea kusoma.